Nasaba ya Upanga wa Mchezoni



Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya silaha, lakini si silaha za vita vya ulimwengu huu. Ni silaha zishikwazo na mashujaa wa kubuni ndani ya michezo ya video, ile ambayo vijana wetu, wala si vijana peke yao, huicheza majumbani na katika vibanda vya gemu vya mitaani, vidole vikiwa juu ya vitufe na macho hayabanduki kwenye kioo. Atakayeketi nyuma ya mchezaji na kutazama ataona ulimwengu wa majoka, wachawi na ngome za mawe, usio na nchi wala tarehe. Na katikati ya ulimwengu huo, aghalabu pasipo sababu yoyote inayotolewa na hadithi yenyewe, atamwona mtu aliyechomeka kiunoni kitara chembamba cha Kijapani, au aliyejifunika uso kwa kitambaa cheusi akirusha nyota za chuma. Silaha hizi zilifikaje huko? Ni nani aliyezifua mwanzo, na kwa nini watunzi wa michezo, wawe wa Tokyo au wa Marekani, hupenda kuzifanya kuwa bora kuliko nyingine zote? Dai langu usiku huu ni moja: kwamba silaha ya mchezoni ina nasaba yake, kwamba nasaba hiyo imepita katika hekaya zaidi kuliko katika uwanja wa vita, na kwamba mchezaji aijuaye huuona mchezo wake kwa utamu na heshima asiyoipata asiyeijua.

Tuanze na chuma chenyewe. Katika milima ya Okuizumo, mkoa wa Shimane, magharibi ya kisiwa kikuu cha Japani, kuna tanuri la udongo liitwalo tatara, ambalo tangu mwaka 1977 huwashwa majira ya baridi chini ya usimamizi wa chama kinachohifadhi sanaa ya panga za Kijapani. Mafundi hulilisha mchanga wa chuma na makaa kwa zamu, usiku na mchana, kwa muda wa siku 3, kisha hulibomoa tanuri lenyewe ili walitoe bonge la chuma lililofanyika ndani yake, na katika bonge hilo huchagua vipande vilivyo safi, ndiyo feleji waiitayo tamahagane. Mhunzi akishaipata huipiga juu ya fuawe, akaikunja, akaipiga tena, na kazi hiyo huirudia mara kumi na zaidi, kama mpishi wa chapati akunjavyo donge lake ili tabaka ziongezeke, hata taka zikatoka na tabaka zikafika maelfu.

Lakini ustadi wenyewe umo katika tendo moja la mwisho. Upanga ukiisha kupata umbo, mhunzi huupaka udongo: mgongoni udongo mzito, kwenye makali udongo mwembamba. Hutia giza karakana yake apate kuisoma rangi ya moto kwa macho, na chuma kikifikia wekundu anaoutaka, hukizamisha majini mara moja. Makali, ambayo udongo wake ni mwembamba, hupoa ghafula yakawa magumu. Mgongo, ambao udongo wake ni mzito, hupoa polepole ukabaki na unyumbufu wa kupokea kishindo. Na kwa kuwa pande mbili hizo hazikupoa kwa mwendo mmoja, upanga hujipinda wenyewe, ukazidi kupata ule mzingo tunaoujua. Mahali ugumu unapokutana na ulaini huonekana mstari mweupe unaopanda na kushuka kwa urefu wote wa upanga, nao ndio mwandiko wa fundi. Na pengine, baada ya kazi ya majuma mengi, husikika mlio mdogo ndani ya maji, upanga ukawa umepasuka, na taabu yote ikawa imekwenda bure. Hata leo kanuni za Japani hazimruhusu mhunzi kufua zaidi ya panga ndefu 2 kwa mwezi, na hapewi idhini ya kufua ila akiwa amekwisha kutumikia uanagenzi wa miaka isiyopungua 5.

Mtunzi wa gemu hawezi kumpa mchezaji uzito wa feleji wala joto la tanuri. Awezacho kumpa ni hesabu na mwendo. Kwa hiyo sifa ya makali ameigeuza kuwa hesabu: katika Elden Ring, iliyotoka mwaka 2022, kila pigo la kitara cha Kijapani humwongezea adui jeraha lisiloonekana, hata kipimo kikijaa, damu humbubujika kwa mkupuo mmoja na uhai wake ukapungua vibaya. Na sifa ya wepesi ameigeuza kuwa mwendo: katika Devil May Cry 3 ya mwaka 2005, mpiganaji aitwaye Vergil huchomoa upanga wake uitwao Yamato, akakata, akaurudisha alani kabla adui hajajua kama amekatwa. Mwendo huu haukubuniwa na kampuni ya gemu. Samurai wa zama za baadaye alichomeka upanga wake katika mshipi makali yakitazama juu, hivyo kuchomoa na kukata vilikuwa tendo moja, na zilikuwako shule, na hata leo ziko, zinazofundisha tendo hilo peke yake.

Sasa na tuwatazame wahunzi wawili ambao majina yao yameenea katika gemu kuliko majina ya wafalme. Wa kwanza ni Masamune, aliyefanya kazi katika jimbo la Sagami, upande wa Kamakura, mwisho wa karne ya 13 na mwanzo wa karne ya 14. Panga zake zilithaminiwa hata zikawa hidaya za watawala kwa watawala, na mmoja katika hizo, Honjo Masamune, ulirithiwa katika ukoo wa Tokugawa kwa vizazi vingi, mpaka ulipokabidhiwa kwa polisi wa Mejiro mjini Tokyo baada ya Japani kushindwa vita mwaka 1945, na tangu hapo haujaonekana tena. Wa pili ni Muramasa wa Kuwana, katika jimbo la Ise, aliyefua panga zake karibu miaka 200 baadaye, mnamo mwanzo wa karne ya 16. Makali ya panga zake yalisifiwa, walakini jina lake liliandamwa na nuksi. Ilisimuliwa kwamba babu yake Tokugawa Ieyasu aliuawa mwaka 1535 kwa upanga wa Muramasa, na kwamba misiba mingine ya ukoo huo ililetwa na panga za fundi huyo huyo. Na maadamu ukoo wa Tokugawa ndio ulioitawala Japani tangu 1603 hata 1868, uvumi huo uliota mizizi, watu wakasadiki kwamba upanga wa Muramasa una laana, na kwamba ukichomolewa haurudi alani pasipo kuonja damu.

Wasimulizi hawakuridhika kuwaacha mafundi hao wametengwa na karne mbili. Waliwakutanisha kando ya kijito. Hekaya yasema walizisimamisha panga zao majini, makali yakiukabili mkondo. Upanga wa Muramasa ulikata kila kilichoujia, majani na samaki kwa pamoja; upanga wa Masamune haukukata kitu, kwani majani yaliyoelea yaliukwepa yakapita salama. Mtawa aliyekuwa akitazama akahukumu kwamba uliopita ubora ni wa Masamune, kwa sababu haudhuru kisichostahili kudhuriwa. Mkutano huo haukuwako wala haukuweza kuwako. Lakini ni hekaya kama hizi, kuliko tanuri na fuawe, zilizofungua mlango wa silaha hizo kuingia katika gemu.

Sikilizeni jinsi zilivyoingia. Mwaka 1981 Wamarekani wawili, Andrew Greenberg na Robert Woodhead, walitoa mchezo wa kompyuta uitwao Wizardry, ambamo kikundi cha watu 6 hushuka chini ya ardhi kumwandama mchawi. Humo, kati ya wapiganaji na makasisi wa namna ya Ulaya, waliwatia samurai na ninja, na silaha iliyo kali kupita zote wakaiita kwa jina la Muramasa, wasiruhusu kushikwa na mtu ila samurai. Mchezo huo ulipofika Japani ulipendwa mno. Yuji Horii, mtunzi wa Dragon Quest ya mwaka 1986, alikuwa mmoja wa waliovutwa nao. Na mwaka uliofuata, kampuni ya Square ikatoa Final Fantasy ya kwanza, ambayo ndani yake mwizi hupandishwa daraja akawa ninja, na katika hekalu la mwisho hupatikana upanga unaoshinda panga zote, jina lake Masamune. Itazameni safari hiyo: sifa ya wahunzi wa Japani ilivuka bahari ikaenda Marekani, ikageuzwa kuwa hesabu za mapigo na madhara, kisha ikarudi kwao imevaa vazi jipya, na wenyewe wakaipokea na kuiendeleza. Ndiyo maana nasema kwamba atakaye kutenganisha kilicho cha Japani na kilicho cha Marekani katika silaha hizi anajisumbua, kwa kuwa zimelelewa na pande zote mbili.

Ilipotoka Final Fantasy VII mwaka 1997, Masamune ulikuwa mkononi mwa Sephiroth, adui mwenye nywele ndefu za rangi ya fedha, na urefu wa upanga huo umempita mwenyewe. Wengi hudhani urefu huo ni uzushi mtupu. Hasha, Sasaki Kojiro, bingwa wa upanga aliyeuawa na bingwa mwenzake Miyamoto Musashi katika pambano lao mashuhuri la mwaka 1612, alijulikana kwa upanga mrefu kupita kiasi, na umehifadhiwa hadi leo upanga wa karne ya 15, unaoitwa kwa jina la fundi Norimitsu, wenye urefu uzidio mita 3 na nusu na uzito uzidio kilo 14. Upanga wa kawaida hauzidi sana kilo 1. Wahunzi wa kale nao, basi, walijua furaha ya kukipita kipimo.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo gemu nyingi zimelisitiri. Silaha ya kwanza ya samurai haikuwa upanga. Kwa karne nyingi samurai alikuwa mpanda farasi na mpiga upinde, na ushujaa wake ulipimwa kwa shabaha ya mshale. Upanga ulikuwa akiba ya pale mishale inapokwisha na adui amekaribia. Baadaye mkuki ukatawala uwanja, na baada ya mkuki ikaja bunduki, iliyoletwa katika kisiwa cha Tanegashima mwaka 1543 na Wareno, wale wale waliokuja kuijenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593. Haikupita miaka 50 tangu bunduki hiyo ya kwanza, na pale Nagashino, mwaka 1575, wenye bunduki wa jemadari Oda Nobunaga waliwavunja askari wa farasi wa ukoo wa Takeda. Upanga ulipata utukufu wake mkubwa wakati vita vilipokwisha: chini ya amani ya Tokugawa samurai alitembea na panga mbili kiunoni, mrefu na mfupi, kuwa alama ya daraja yake, na wengi wao walikufa wazee bila ya kuzitumia katika vita. Kisha mwaka 1876 serikali mpya ikapiga marufuku kuchukua upanga hadharani, na polepole upanga ukabaki hasa katika hazina za makumbusho, katika shule za mazoezi, na katika hadithi.

Sisemi haya kwa kuzilaumu gemu. Nasema ili tuzipongeze zile zilizokumbuka. Katika Soul Edge, mchezo wa mapigano wa miaka ya 1990, yumo mpiganaji aitwaye Mitsurugi, bingwa wa upanga anayesafiri dunia kutafuta silaha iwezayo kuishinda bunduki. Na katika tamaa yake hiyo umo msiba mzima wa samurai wa karne ya 16, umeelezwa kwa mtu mmoja. Na katika Elden Ring niliyoitaja, anayechagua kuanza safari akiwa samurai hupewa kitara, na pamoja nacho hupewa upinde mrefu na mishale. Wachezaji wengi huuweka upinde huo kando wasiutazame tena, ilhali ndio ulio karibu zaidi na taarikhi.

Kwa ninja, umbali kati ya hekaya na hakika ni mkubwa zaidi. Watu hao walitoka hasa katika milima ya Iga na Koga, na kazi yao ilikuwa ujasusi: kuingia katika ngome ya adui, kusikiliza, kuhesabu askari, kutia moto ghala, na kurudi hai na habari. Oda Nobunaga aliivamia Iga kwa jeshi kubwa mwaka 1581 akaiangamiza, na waliosalia wakatawanyika wakaajiriwa na wakuu wengine. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1676, elimu yao ilikusanywa katika kitabu kiitwacho Bansenshukai. Na atakayekifungua kwa kutaraji mafunzo ya kukata shingo atastaajabu, kwani kinaanza kwa kusisitiza unyofu wa moyo, kisha kinaendelea na namna za kujibadilisha sura, kusoma nyota na hali ya hewa, kupanda kuta, kuvuka maji na kuchanganya baruti. Silaha kuu ya ninja ilikuwa habari, na baada ya habari, moto.

Na vile vyombo ambavyo gemu zimevipa fahari vilitoka katika kazi za mikono. Kunai, ambayo katika hadithi za Naruto na gemu zake hurushwa kwa kumi kumi kama kisu cha vita, ilikuwa chuma cha kuchimbia na kubandulia. Mundu uliofungwa mnyororo ni mundu wa mkulima. Mtu aliyetumwa kuingia katika nchi ya adui hakutaka kukutwa na silaha. Alitaka kukutwa na jembe, au na kibuyu cha maji, ili mlinzi wa mpakani amwache apite. Hata lile vazi jeusi limefikiriwa na wengi kuwa limetoka katika michezo ya jukwaani, ambako wasaidizi huvaa nguo nyeusi ili watazamaji wawahesabu kuwa hawapo. Filamu za Japani za miaka ya 1960 na za Marekani za miaka ya 1980 zililisambaza vazi hilo duniani, hata kwetu Afrika Mashariki, ambako vizazi viwili vya vijana vilimjua ninja kwa mara ya kwanza katika mabanda ya video. Zilipotoka gemu kama Shinobi mwaka 1987 na Mortal Kombat mwaka 1992, ambamo Scorpion humrushia adui chuma chenye kamba na kumvuta kwake, ninja alikuwa amekwisha kuwa mtu wa miujiza.

Hata hivyo, baadhi ya gemu zilimrudishia kilicho chake. Wizardry ilimfanya ninja awe hatari zaidi akiwa mikono mitupu na mwili bila deraya, na ingawa kichwa cha adui kukatika kwa pigo la kiganja ni uzushi, fikira iliyo chini yake ni sahihi, kwamba nguvu ya mtu huyu haimo katika chuma alichokibeba. Na Sekiro, iliyoongozwa na Hidetaka Miyazaki na kutoka mwaka 2019, inamhusu shinobi, yaani ninja, aliyekatwa mkono mmoja, akapewa mkono wa kuunda ambao ndani yake mna nyota ya kurusha, shoka, mwavuli wa chuma wa kujikingia, bomba la moto, na fataki za kuwatishia farasi na wanyama. Mchezaji akifika mbele ya adui mkubwa hulazimika kufikiri, si kugonga vitufe kwa pupa: ni chombo gani kitakachomtisha huyu, na ni wakati gani nimpokonye mizani yake? Huko ndiko kuwaza kwa mtu wa Iga, na mtunzi amekufundisha bila ya kukuhutubia.

Nitamaliza kwa mfano ambao samurai na ninja hukutana ndani ya mtu mmoja. Mwaka 1274 majeshi ya Wamongolia yalishuka katika kisiwa cha Tsushima, na mkuu wa kisiwa, So Sukekuni, akawakabili ufukweni Komoda na wapanda farasi wapatao 80, wakafa wote. Kutokana na msiba huo kampuni ya Marekani, Sucker Punch, ilitunga Ghost of Tsushima, iliyotoka mwaka 2020. Shujaa wake, Jin Sakai, aliyelelewa na mjomba wake katika heshima ya samurai, huona kwamba heshima peke yake haitakiokoa kisiwa, basi taratibu anajifunza kurusha kunai, kutumia mabomu ya moshi na kuua kwa siri, na kila chombo kipya anachokipokea kinamtenga zaidi na mjomba huyo. Mwanazuoni atasema kwamba kitara alichonacho ni cha zama za baadaye, na kwamba mwaka 1274 ninja wa namna hiyo hawakuwako. Naye atasema kweli. Lakini mimi naona kwamba hapa silaha imefanya kazi isiyofanywa na hesabu ya mapigo: imekuwa ushahidi wa nafsi ya mtu inavyobadilika.

Na matunda yake yalionekana nje ya kioo. Mwaka huo huo wa 2020 tufani iliangusha lango la hekalu la Watazumi kisiwani Tsushima, na ulipoitishwa mchango wa kulijenga upya, wachezaji wa gemu hiyo walitoa fedha zilizopita kwa mbali kiasi kilichoombwa. Na mwaka 2021 viongozi wawili wa utunzi wake, Nate Fox na Jason Connell, wakapewa heshima ya kuwa mabalozi wa utalii wa kisiwa.

Kwa hiyo, kijana unayenisikiliza, ambaye huenda umesimamisha mchezo wako ili usikie mazungumzo haya, nakuusia jambo jepesi. Ukipata silaha yenye jina, usikimbilie kutazama idadi ya madhara yake tu. Soma maelezo yaliyoandikwa chini yake, kisha uulize jina hilo limetoka wapi. Utakuta mhunzi, au mkulima, au jasusi, au mzushi wa hekaya, na kila mmoja wao ana haki ya kujulikana. Nanyi mnaotamani kutunga gemu zenu wenyewe, shikeni somo hili: watunzi tuliowataja hawakufaulu kwa kuwa walimpa mhusika upanga mkali, maana panga kali ziko katika kila mchezo, walifaulu pale walipojua upanga huo ulikuwa na maana gani kwa aliyeufua, kwa aliyeubeba, na kwa aliyeuogopa, wakaiacha maana hiyo ifanye kazi mikononi mwa mchezaji. Elimu hiyo hupatikana kwa kusoma na kuuliza, na haimpiti mwenye bidii.